Kabla hujagusa draivu: eksaita na plagini za tyubu kwenye miksi

EQ (kirekebisha masafa) hupandisha kilichopo. Kama vokali, yaani sauti ya mwimbaji, imerekodiwa kwa maiki ambayo juu ya kHz 10 haikushika kitu zaidi ya mvumo wa feni, ukiongeza dB 6 pale umeongeza feni. Eksaita na plagini za tyubu, yaani programu ndogo za kuongeza ung'avu na za kuiga amplifaya za tyubu za zamani, zina kazi nyingine: hutengeneza masafa mapya kutokana na yale yanayoingia. Shida ni kwamba plagini haijui ipi ni sauti na ipi ni takataka. Chochote unachoipa itakizalisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya plagini yenyewe. Unaingiza nini, kwa ukubwa gani, masafa yapi. Jina la plagini na picha ya taa ya njano inayowaka ndani yake ni mambo ya baadaye sana.

Eksaita na tyubu hazifanani

Aphex Aural Exciter ilitoka mwaka 1975, na mwanzoni haikuuzwa: studio ziliikodi kwa dola 30 kwa kila dakika ya wimbo uliokamilika. Kwa bei hiyo mtu angedhani ndani kuna uchawi. Kilichokuwamo ni nakala ya sauti iliyochujwa ikabaki sehemu ya juu tu, ikakwaruzwa (umbo la wimbi likavunjwa makusudi), kisha ikachanganywa kidogo na sauti asilia ambayo haikuguswa. Plagini nyingi zinazoitwa eksaita leo zinafuata njia ileile.

Plagini ya tyubu hupitisha sauti nzima kwenye mkunjo mmoja (kanuni ya jinsi wimbi linaloingia linavyogeuzwa kuwa linalotoka), chini na juu kwa pamoja. Kwa kawaida masafa ya chini ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa hiyo ndiyo yanayoamua tyubu ikwaruze kiasi gani, na yale ya juu huburutwa nayo. Ukipitisha vokali yenye mgongano wa maiki kwenye "p" na "b", kila "p" itatikisa neno zima. Kata chini ya Hz 80 hadi 100 kabla ya tyubu, si baada yake.

Plagini ya bure ya Softube, Saturation Knob, ina swichi ya nafasi tatu kwa sababu hiihii: moja inalinda masafa ya juu yasikwaruzwe, moja inalinda ya chini, na ya katikati haibagui. Wengi hawaigusi kabisa, ilhali kwenye plagini hiyo ina maana kubwa kuliko hatua mbili tatu za nobu kubwa.

Hamoniki zinaangukia wapi

Chukua noti ya A yenye Hz 110. Hamoniki ni masafa yanayozidisha hayo mara mbili, tatu na kuendelea. Ya pili ni 220, oktava moja juu. Ya tatu ni 330, noti ya E. Ya nne ni 440, A tena. Hadi hapo kila kitu kinapatana. Ya tano ni 550, ambayo ni C# isiyo kali sana. Kama wimbo wako uko kwenye A maina, noti ya C iko 523, na hamoniki ya tano ya besi inagombana nayo. Ya saba ni 770, na hiyo haikai kwenye noti yoyote ya kinanda. Iko chini kidogo ya G.

Kwa hiyo ukisikia besi iliyokwaruzwa sana ikiufanya wimbo wa maina uwe kama umetoka nje ya tuni, usihangaike na tuni. Punguza draivu (nobu ya kiasi cha mkwaruzo), au weka filta baada ya plagini ikate kuanzia pale ugomvi unapoanza.

Mkunjo unaotendea upande wa juu na wa chini wa wimbi sawasawa hutoa hamoniki witiri: ya 3, ya 5, ya 7. Ukitofautisha pande hizo mbili, hamoniki shufwa zinaingia. Kuna imani kwamba tyubu ni shufwa daima, na si kweli. Tyubu moja ya trayodi (yenye elektrodi tatu) inayoendeshwa taratibu hutoa zaidi ya pili, lakini amplifaya yenye jozi ya tyubu zinazosukumana hufuta shufwa na kubakiza witiri. Ndiyo maana plagini ya Decapitator ya Soundtoys ina herufi T na P, zote zikiwa zimeigwa kutoka kifaa cha tyubu cha Culture Vulture cha Thermionic Culture: moja kwa mpangilio wa trayodi, nyingine wa pentodi (yenye elektrodi tano), na mlio wake ni tofauti. Kwa vokali laini anza na trayodi. Kwa sneya inayopotea kwenye biti, pentodi hukata vizuri zaidi.

Mkunjo usiolingana husogeza pia wimbi zima kutoka kwenye mstari wa sifuri. Plagini nyingi hurekebisha zenyewe. Kama yako haifanyi hivyo, filta ya kukata chini ya Hz 20 baada yake inatosha.

Ukubwa unaoingia

Hapa ndipo miksi nyingi zinapoharibikia. Draivu ikiwa ndogo, sauti ikiongezeka dB 1 hamoniki ya pili inaongezeka dB 2 na ya tatu dB 3. Mwimbaji anayeimba beti kwa upole kisha akafungua koo kwenye kiitikio, tofauti ikiwa dB 8, hamoniki ya tatu itaruka dB 24. Beti halitaguswa na kiitikio kitaungua, kwa nobu ileile.

Dawa ni kompresa (inayobana sauti kubwa) kwanza: uwiano wa 3:1, ataki (muda wa kuanza kubana) ya milisekunde 10 hivi, ipunguze dB 3 hadi 6 kwenye maneno makubwa. Vifungu vinavyotofautiana sana virekebishe kwa mkono kabla ya kompresa. Plagini nyingi zilizoigwa kutoka vifaa vya analogi zimepangwa zikitarajia wastani wa dBFS -18 hivi (yaani dB 18 chini ya kikomo cha dijitali), vilele vikifika -10 au -8. Ukiiingizia vokali iliyorekodiwa hadi -1, plagini itakuwa imeshakwaruza wakati draivu iko sifuri, halafu utasema ni mbaya. Punguza geini kabla yake, usipunguze fada (kitelezi cha sauti) ya chaneli, kwa kuwa fada iko baada ya plagini.

Kisha pima ukubwa unaotoka. Karibu kila plagini ya aina hii hutoa sauti kubwa kuliko iliyoingia, na sikio la binadamu huita kikubwa kizuri. Weka mita ya LUFS (kipimo cha ukubwa unaosikika) baada yake, Youlean Loudness Meter ya bure inafaa, cheza kiitikio plagini ikiwa imezimwa, soma namba, iwashe, kisha shusha nobu ya kutoka hadi namba zifanane kwa nusu dB. Sasa zima na kuwasha ukiwa umefumba macho. Mara nyingi utagundua kwamba ulichokipenda kilikuwa dB 2 za ukubwa tu, na draivu itarudi nyuma yenyewe.

Vokali ya Kiswahili na tatizo la "s"

Lugha yetu imejaa "s", "sh", "z" na "ch". "S" inakaa zaidi juu ya kHz 5, "sh" inaanza chini zaidi, karibu na kHz 3, na hapo ndipo eksaita inapochukulia malighafi yake. Bila di-esa (plagini ya kutuliza "s") mbele, neno kama "nisamehe" au "siku zote" litatoboa masikio. Di-esa ya kwanza iwe kabla ya tyubu, ishushe dB 3 hadi 5. Ya pili, nyepesi, iwe baada ya eksaita, kwa kuwa hata "s" iliyotulia itazaa mpya.

Kwenye tyubu, pandisha draivu hadi neno kubwa kuliko yote lianze kukwaruza waziwazi, kisha rudi nyuma dB 2 au 3. Changanya asilimia 30 hadi 50. Tumia nobu ya kuchanganya iliyo ndani ya plagini yenyewe inapokuwepo. Ukijenga njia mbili kwa mkono, moja kavu na moja iliyokwaruzwa, na plagini ikachelewesha sauti bila programu kufidia, utapata mlio wa bombani na utadhani ni kosa la maiki.

Kuhusu masafa ya filta ya eksaita, kumbuka kwamba kinachozaliwa kinaanzia maradufu ya kile ulichoingiza. Ukitaka hewa juu ya kHz 10, filta iwe kHz 5. Ukitaka maneno yaeleweke zaidi kwenye spika mbovu, kHz 2.5 hadi 3 inatosha, na matokeo yake yatakaa kuanzia 5 au 6 kwenda juu. Watu hupeleka filta kHz 8 wakidhani watapata kitu safi zaidi, kumbe hamoniki ya pili iko 16 ambako wasikilizaji wengi hawasikii vizuri, na ya tatu iko 24, nje kabisa ya faili la kHz 44.1. Nakala ya eksaita ianze dB 20 chini ya sauti kavu, ipande polepole hadi uisikie, kisha ishushe kidogo tena. Rivabu (mwangwi wa chumba) ije baada ya haya yote. Ukikwaruza rivabu, mkia wake hurefuka na kujaa mchanga.

Takataka nazo zina zamu yao. Mvumo wa umeme wetu ni Hz 50, na tyubu itauongezea 100, 150 na kuendelea, mahali ambapo filta ya Hz 80 haifiki. Jenereta ya jirani na pangaboi ni hivyohivyo. Nyamazisha nafasi kati ya mistari kabla ya plagini, ukiacha pumzi.

Besi kwenye spika ya simu

Noti ya Hz 50 haisikiki kwenye spika ya simu hata uipandishe vipi. Ila sikio likisikia 150, 200, 250 na 300 zikienda pamoja, linajijazia 50 lenyewe. Ni hila ya zamani na bado inafanya kazi, hasa kwa besi za amapiano na zile sabu (besi za chini kabisa) ndefu za Bongo Flava ya sasa.

Nakili besi kwenye chaneli mbili. Ya kwanza ibaki safi na mono, ikate juu ya Hz 120. Ya pili ikwaruze kwa nguvu, bila aibu, kisha *baada ya* mkwaruzo kata chini ya 120 na juu ya 1,000 au 1,500. Mpangilio huo una sababu: sabu ambayo ni wimbi la sine tupu haina chochote juu ya noti yake, kwa hiyo ukiichuja kwanza unakwaruza hewa tupu. Kwa gitaa la besi, ambalo tayari lina hamoniki zake, unaweza kuchuja kwanza na itatoka nadhifu zaidi. Weka chaneli ya pili dB 12 chini ya ya kwanza, kisha sikiliza kwa simu na uipandishe hadi uweze kufuata melodi ya besi, si zaidi. Geuza poli (wimbi juu chini) ya chaneli moja ujaribu; upande wenye chini nene zaidi ndio sahihi.

Kiki isipite kwenye mkwaruzo mmoja na besi. Noti mbili zinazoingia pamoja kwenye mkunjo huzaa nyingine ambazo si za yeyote kati yao. Hata kwa kwaya ni hivyo: A ya 440 na C ya 523 zikipita pamoja zinaweza kuzaa 357, ambayo haiko kwenye skeli yoyote. Ukikwaruza kila sauti peke yake kidogo kisha ukazikusanya, hupati uchafu huo. Kwenye chaneli ya kundi lenye makodi, mimi huweka mkwaruzo wa kiasi kisichosikika hadi ukizime, na mara nyingi siuweki kabisa. Fidla na ganuni za taarabu zina hamoniki za kutosha, ziache.

Masafa yanayojikunja

Faili la kHz 44.1 haliwezi kubeba kitu juu ya kHz 22.05. Hamoniki zinazopita hapo hazipotei, zinajikunja kurudi chini. Sauti ya kHz 8 ina hamoniki ya tano ya kHz 40. Hiyo itatokea kHz 4.1, ikiwa haihusiani na wimbo hata kidogo. Kwenye hai-hati na kayamba unaisikia kama ukungu wa bati.

Kujaribu plagini ni rahisi. Tengeneza sine, 3x Osc ya FL Studio inatosha, ipandishe noti kwa noti huku ukiangalia SPAN ya Voxengo, plagini inayoonyesha masafa kwa picha. Mistari yote inapaswa kupanda pamoja na noti. Ukiona mingine inashuka wakati noti inapanda, hizo ndizo zinazojikunja. Washa ovasamplingi ya mara 4, yaani plagini ifanye kazi ndani kwa kiwango cha sampuli mara nne zaidi. Kama kompyuta inakwama, fanya kazi bila hiyo na uiwashe wakati wa kutoa faili tu, lakini sikiliza tena faili zima, kwa sababu mlio wa juu hubadilika kidogo.

Kwenye masta, dB 1 ya draivu ni nyingi, na vilele halisi visipite dBTP -1. Toa pia nakala ya MP3 ya kbps 128, maana wimbo utasambazwa WhatsApp upende usipende. Hai-hati zikisikika kama maji yanayozunguka, rudi kwenye eksaita ya vokali na ya masta kwanza, ushushe hapo dB 3, kabla hujaigusa EQ ya hai-hati.