Mlima utangoja, makalio hayatangoja

Maswali ya safari hii yamejaa milima na bahari na mimi nimefurahi, juu kitambo mlikuwa mnaniuliza tu nani anapeana viti vya magurudumu bure. Lakini kuna watu wanauliza kitu nilijibu juzi tu, hao nimewapa mstari mmoja, msinune.

Nina miaka 29, niliumia mgongo kwa ajali ya gari, miguu haifanyi lakini mikono iko sawa. Naskia kuna mtu alifika juu ya Kilimanjaro na hawezi kutembea. Ni ukweli ama ni porojo? (Kayole)

Ni ukweli. Mmarekani anaitwa Chris Waddell alifika kileleni mwaka wa 2009, mita 5,895, kwa baiskeli ya kuendeshwa na mikono. Sasa soma na hii sehemu nyingine ambayo watu huruka: alikuwa mwanariadha wa Paralimpiki miaka mingi, na alienda na kikosi cha watu wa kumwekea mbao chini ya magurudumu pale penye mawe. Hakuamka tu Jumamosi akaamua.

Na hujaniambia umeumia wapi. "Mgongo" ni mrefu bosi! Aliyeumia kiunoni na aliyeumia karibu na shingo ni watu wawili tofauti kabisa, wa juu hata baridi na joto mwili wake hauwezi kuzipima vizuri. Halafu kule juu mguu usioskia unaweza kuganda ndani ya buti na wewe unapiga picha tu ukitabasamu.

Anza na Hell's Gate hapo Naivasha. Ni moja ya mbuga chache za Kenya unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli ama kwa miguu, barabara ya ndani ni tambarare, pundamilia na twiga wako hapo kando, na ukichoka unageuza. Vumbi ndio shida, magurudumu madogo ya mbele yanazama, kwa hivyo tafuta fundi akutengenezee gurudumu moja kubwa la kufunga mbele, mafundi wa jua kali wanaweza ukiwaeleza vizuri na ukisimamia kazi. Korongoni usiingie, hata wenye miguu wamewahi kusombwa na maji pale mwaka wa 2019. Hata msitu wa Karura ni sawa kwa mazoezi, na iko hapa hapa mjini. Ukiweza kushinda Hell's Gate siku nzima na jioni ngozi yako iko safi, niandikie tena tuongee mambo ya mlima.

Mto wa sponji ya Gikomba si unatosha tu? Ile mito ya spesheli ni bei. (Githurai)

Hili swali mtaniua nalo.

Hautoshi. Sponji ya godoro ikikaliwa wiki chache inalala kabisa, unabaki umekalia mbao. Pima hivi: ukiwa umekaa, mtu apitishe mkono chini ya mto mahali mfupa wa makalio unakaa, akiuskia mfupa hapo juu ya vidole vyake, huo mto umekufa, tupa. Na ile pete yenye shimo katikati, kama tairi, mtu yeyote akikuuzia mrudishie, inabana damu pande zote na kidonda kinakuja haraka zaidi.

Hata ukiwa na mto mzuri, kila dakika 15 mpaka 30 unainama mbele ama unalalia upande mmoja, kama dakika mbili hivi, ndio damu ipite. Weka alamu kwa simu. Asubuhi na usiku unapiga picha makalio yako kwa simu hiyo hiyo, ndio, piga, hakuna aibu hapa, na ukiona wekundu ama weusi usiotoka baada ya nusu saa, haukalii hapo tena mpaka upotee. Ati una mazishi, ati una harusi ya kazini, haukalii! Vidonda vya kulalia vinaua watu wetu, havikuumi juu huskii, vinaoza kutoka ndani, ukishtuka ni homa na damu imeingia sumu. Kila mtu ninayemjua ambaye aliacha kusafiri hakuachishwa na ngazi wala na matatu. Aliachishwa na kidonda, akalala kifudifudi miezi.

Na nikiwa hapo, kile kiti kizito cha chuma mheshimiwa anapeana mbele ya kamera, saizi moja kwa kila mtu, mtoto na mzee, bila mto, ni kiti cha kumtoa mgonjwa wadi kumpeleka eksirei. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2008 kwamba kiti kinapimwa kwa mwenyewe kama suti. Piga picha na mheshimiwa, sawa, halafu nenda kwa APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya, ama kwa fizio yeyote anayejua viti akupime.

Kuna daktari anasema ukichomwa stem cell (seli za kuotesha upya kilichoharibika) nje ya nchi unatembea baada ya miezi sita. Nauza shamba? (Thika Road)

Usiuze. Hakuna sindano iliyothibitishwa kurudisha uti wa mgongo.

Mwanangu ana miaka 24, ni mwaka wa tatu kwa kiti. Marafiki wanataka kumpeleka Diani kwa treni na roho yangu inakataa. Nimwambie nini? (Mama, Umoja)

Mwambie safari njema, mama.

Nisamehe nikiongea wazi. Najua nyumba nyingi hapa Nairobi kijana anaoshwa, analishwa, wageni wakija anasukumwa bedroom, na kila mtu anasema anapendwa. Anapendwa kweli. Lakini ni mtu mzima, na kama hajawahi kulala nje ya kwako tangu hospitali, ataanza lini?

Roho yako ikitaka kitu cha kuogopa niipe cha maana. Kwanza joto. Kama aliumia juu ya kifua hatoki jasho vizuri, kwa hivyo abebe chupa ya kunyunyiza maji usoni na shingoni, na saa sita mchana akae kivulini. Mchanga wa mchana unachoma, na matumbawe yanakata, avae viatu hata ndani ya maji. Kutoka stesheni ya Miritini wapitie barabara ya Dongo Kundu, hakuna haja ya kupigana na watu kwa feri ya Likoni.

Pili, na hii marafiki wote waijue kabla ya kupanda treni: kama aliumia kuanzia T6 (pingili ya sita ya mgongo, nyuma ya kifua) kwenda juu, akianza kuumwa na kichwa ghafla, uso umekuwa mwekundu, jasho linamtoka usoni, hiyo ni presha inapanda na ni hatari. Wamkalishe wima, wasimlaze. Walegeze nguo na mshipi, waangalie kama mpira wa mkojo umejikunja ama kibofu kimejaa. Isiposhuka, hospitali mara moja.

Na yeye ndiye awafundishe vile anabebwa. Si wewe.

Siku natoka na matatu huwa sinywi maji asubuhi ndio nisisumbuke na mpira wa kutoa mkojo njiani. Iko poa? (Rongai)

Haiko poa. Mkojo mzito unaleta infekshoni na mawe, na figo ndio inalipa. Gawa maji, kunywa kidogo kidogo siku nzima, na mpira utumie kila baada ya masaa manne mpaka sita, kibofu kisipite kama mililita 500. Najua vyoo vya petroli stesheni mlango ni sentimita mbili ndogo kuliko kiti, kila mara, sijui nani huwa anapima. Ndio maana unatembea na chupa ya mdomo mpana, leso kubwa ya kujifunika na dawa ya kusafisha mikono. Konda akikuchaji nauli ya watu wawili juu ya kiti, hiyo vita pigana nayo, lakini usipigane na kiu.

Naweza kupanda boda? (wengi, kutoka kila mahali)

Hapana. Huna misuli ya tumbo ya kukushikilia, na mguu ukiteleza ukashika egzosi utafika nyumbani umechomeka mpaka ndani na hujui. Wangapi wetu tulipatana wadi kwa sababu ya boda? Haya.

Nataka kuendesha gari tena. Inawezekana kupunguziwa ushuru? (Lang'ata)

Kuendesha, ndio. Otomatiki, na breki na mafuta vikafungwa vya mikono na fundi anayejua hiyo kazi, si yule wa kubahatisha na nondo. Ushuru, msamaha upo, lakini anza na kadi ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, bila hiyo hakuna anayekuskiza. Jifunze pia kujihamisha kutoka kiti kwenda gari bila kuburuta makalio kwa kizingiti cha mlango, ngozi inachubuka hapo watu wengi sana.

Halafu jihadhari, kuna watu watakuja na soda na tabasamu, wakuombe utie sahihi waingize gari yao kubwa kwa jina lako. Ikikamatwa, karatasi zote ni zako, na msamaha ambao ungetumia kwa gari yako mwenyewe umeenda na wao.