Guta jipya au kirikuu used? Mama wa Lupembe anataka jibu kabla ya mvua

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa magari. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Lupembe huku Njombe, nina ekari nne za parachichi za Hass na kipande cha viazi, na mwaka huu nimechoka kabisa kukodi gari. Siku ya kuchuma natoa kreti kama 35, kila moja kilo 20, kituo cha kukusanyia kiko kilomita 12, mwenye gari ananitoza elfu mbili kwa kreti na bado anakuja saa anayotaka yeye, parachichi zinashinda juani mpaka saa nane mchana. Kwenye msimu nachuma mara mbili kwa wiki, miezi mitatu hivi. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa nimepata milioni 15. Mume wangu anataka guta jipya la dukani, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, milioni 7 na nusu, lina waranti. Kaka yangu wa Dar anasema kirikuu ya Japani, kile kigari kidogo cha mizigo cha Suzuki Carry, yenye 4WD, mpaka inapata namba kama milioni 13. Jirani naye anauza Hilux ya dizeli namba B, milioni 14, anasema hiyo ndo gari ya shamba. Dereva atakuwa kijana wangu wa miaka 22, ana leseni ya pikipiki. Nisaidie mzee, nikikosea hapa deni linabaki kwangu. Mama Watatu, Lupembe.

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa hizo ekari nne. Barua yako nimeisoma mara tatu mana umeweka vitu ambavyo wengi hawaniandikii, kilo, kilomita na bei, kwa hiyo nakujibu kwa hesabu zako mwenyewe.

Kwanza pesa. Kreti 35 kwa elfu mbili ni elfu 70 kila siku ya kuchuma, mara 24 kwa msimu inakuja 1,680,000. Gari la milioni 13 kwa hela hiyo tu linajirudisha baada ya karibu miaka minane, na hapo hujaweka petroli, matairi wala bima. Sikuambii usinunue, mana parachichi iliyoshinda juani ikikataliwa kituoni nayo ni hela, ila ujue kabisa kwamba gari likibeba mzigo wako peke yake alafu likalala miezi tisa, deni la kikundi litakutesa. Lazima libebe na kreti za majirani, mbolea, viazi, mbao. Na ukishabeba mzigo wa watu kwa malipo nenda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, upate leseni ya kubeba mizigo, na bima ukate ya biashara, usikate ya gari binafsi, siku ya ajali ndo utajua tofauti yake.

Sasa guta. Mume wako ana hoja na naiheshimu, kitu kipya hakina historia ya kufichwa, spea ni rahisi na fundi wa pikipiki yeyote pale kijijini analifungua. Kwenye tambarare ningesema chukueni leo. Lakini Lupembe naijua, zile barabara za kushuka mtoni alafu unapanda tena, udongo mwekundu, mvua kuanzia Novemba mpaka karibu Mei. Magari yakishapita pale kwenye tope yanaacha mifereji miwili ya matairi na katikati linabaki tuta. Gari la matairi manne linafuata mifereji yake linaenda, guta matairi ya nyuma yanaingia kwenye mifereji sawasawa lakini lile moja la mbele linatembea juu ya tuta, na tuta likilowa ni kama sabuni, usukani unakuwa hauna kazi. Ukipanda na mzigo uzito wote unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, ukikata kona kwa kasi linalala. Nimeshasaidia kunyanyua guta lililolala na viazi juu, kijana alikuwa amebanwa mguu, namshukuru Mungu alipona. Wewe unampa mwanao, mama, kwa hiyo hapo mimi siwezi kukupa jibu la bei.

Na kuna jambo la urefu wa mahali. Njombe mjini mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Injini ya guta ambayo Dar inavuta vizuri, kule juu inakuwa imepungua karibu moja ya tano, na kwenye mlima ukiwa umebeba kilo 700 utaisikia inavyolia. Kirikuu nayo inapungua, ila yenyewe ina silinda tatu, cc 660.

Hilux ya jirani. Hilux ni gari, sina ubishi. Lakini namba B ni gari iliyokaa Tanzania zaidi ya miaka kumi, na maisha yake huku ni barabara hizohizo. Milioni 14 ukitoa unabaki na moja, na hizo dizeli zenye injini zinazoitwa 3L na 5L zina taiming belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, jirani akikwambia hakumbuki ilibadilishwa lini hiyo ndo kazi ya kwanza, bado pampu na nozeli. Mwaka 2011 nilinunua pikapu used kwa mtu niliyemwamini, chini imepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa, nikafurahi nikasema huyu jamaa anatunza gari. Wiki ya tatu nimebeba mahindi, navuka mtaro, nikasikia kitu kimelia nyuma ya kabini, kushuka naangalia chesisi imepinda na ile rangi imebanduka, ndani kuna kipande cha bati kimechomelewa juu ya kutu. Mpaka leo mtu akiniambia gari limepakwa rangi chini nachukua bisibisi naenda kugonga.

Kwa hiyo kwako wewe nasema kirikuu, used, na iwe iliyotoka Japani moja kwa moja, sio iliyozunguka Kariakoo miaka mitano ikibeba tani nzima. Nasema hivyo kwa sababu hiyo gari kule kwao imetengenezwa kubeba kilo 350, wakulima wa Japani ndo wateja wake wakubwa. Kilo 350 kwa kreti zako za kilo 20 ni kreti 17, yaani kreti zako 35 ni safari mbili, na ile moja iliyobaki haitaiua gari. Watu wa mjini wanapakia mpaka springi zinageuka, kwako usikubali, hata kijana akiona uvivu wa kurudi. Breki za gari hiyo hazikutengenezwa kuteremka mlima wa Lupembe na tani moja mgongoni.

Kuichagua, muombe kaka yako akutumie ile karatasi ya mnada ya Japani kabla hajalipa chochote. Ikiwa na alama R jua imeshagongwa ikarekebishwa, iache. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni kutu iliyoanza kula bati, na kwa gari za kaskazini kama Hokkaido kutu ni kawaida mana wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, kwa hiyo bodi inaweza kung'aa na chini imeliwa. Kuhusu kodi msidanganyane na bei mliyonunulia, TRA, watu wa mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni na wanatumia thamani yao wenyewe, na gari likiwa kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu, pigeni hesabu hiyo kabla ya kuagiza, wengi hela inawaishia bandarini.

Gari likifika, kabla ya kulipeleka juu, fundi awe na wewe. Carry injini iko chini ya kiti, nyanyua kiti, fungua mfuniko wa oili, ukikuta kitu cheupe kama maziwa ya mgando, maji yameanza kuingia kwenye oili, na hizi gari zikichemka gasketi ya silinda hedi ndo inaondoka kwanza. Rejeta iko mbele na injini iko katikati, mabomba ya maji ni marefu, yote yapapase kwa mkono, mpira uliovimba au mgumu kama mti badilisha siku hiyohiyo. Washa 4WD kwenye udongo, taa iwake kwenye dashibodi, alafu nenda taratibu na mtu achungulie kama matairi ya mbele nayo yanasukuma, mana taa tu inadanganya. Na umwambie kijana 4WD ya hiyo gari ni ya tope, akifika lami akavu aitoe, akiiacha anavunja gia.

Zile milioni mbili zitakazobaki usizifanyie kitu kingine hata kama kuna harusi. Hizo ni bima, matairi manne yenye meno ya rimu namba 12, shokapu za nyuma, na kijana kusoma udereva apate leseni ya gari, mana ya pikipiki haimruhusu. Ukiona ukishalipa gari unabaki na laki tatu, tafuta ya bei ya chini au subiri msimu mmoja. Wengi nawaona wanafia hapo, wananunua gari zuri wanakosa hela ya kulihudumia mwezi wa pili, linaegeshwa chini ya mti, kuku wanataga ndani.

Ukishapata unayoitaka omba picha za chini, chesisi yote kutoka mbele mpaka nyuma, bila kuosha, uniletee hapa hapa kabla hujamalizia malipo.

SWALI: Mzee habari za siku. Niko Ifakara, mpunga ekari kumi, shamba ni tambarare tupu, kutoka shambani mpaka mashineni kilomita 6. Nina milioni 8. Nichukue guta jipya au nitafute kirikuu namba D ya mkononi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wewe chukua guta jipya wala usizunguke. Huna mlima, safari ni fupi, na kirikuu ya mkononi ya milioni 8 uwezekano mkubwa ni ile iliyokwisha springi na difu. Chagua la kupozwa na maji, sio la upepo, mana Ifakara ni joto na mzigo wa mpunga unatembea polepole, upepo hautoshi kupoza injini. Miezi ambayo mto Kilombero umejaa na njia zimezama usilazimishe, lipandishe kwenye matofali lipumzike.