Shoka la kukaa porini: angalia mpini kwanza

Mkuu, umeuliza ununue shoka gani la kwenda nalo pori la Sikonge, kule Tabora, kwa miezi miwili ya shughuli za nyuki, na umesema umeshaona dukani moja la kilo mbili, la kiwandani, mpini mrefu uliopakwa rangi nyekundu. Nakuomba usilinunue. Nimekaa kambi za nyuki kati ya Sikonge na Inyonga misimu kumi na moja, mwanzoni nikiwa na mjomba wangu aliyenifundisha kazi, baadaye na wenzangu wa kikundi. Shoka la namna hiyo nilishawahi kuingia nalo.

Ilikuwa msimu wangu wa tatu. Siku ya nne tunapasua kuni za kambi, mpini ukakatika pale pale chini ya kichwa. Kichwa kiliruka, kikapita karibu kabisa na goti la mwenzangu aliyekuwa amechuchumaa anakusanya vipande. Nilipookota ule mpini na kuukwangua rangi kwa kisu, ndipo nikaona kwamba nyuzi za mti zilikuwa zimekatiza upande badala ya kufuata urefu. Rangi ilikuwa imeficha hilo. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote chenye mpini uliopakwa rangi. Nataka nione nyuzi za mti zikishuka kutoka kichwani hadi mwisho bila kukatika njiani.

Taabu haikuishia hapo. Kipande kilichobaki ndani ya tundu la shoka kilikuwa kimekazwa kwa kabari ya chuma, na porini huna cha kukitobolea. Tukakichoma kwa moto. Kipande kilitoka, lakini moto ule ule ulilegeza chuma, na kuanzia hapo makali yakawa yanapinduka kama bati. Baadaye mzee mmoja wa kambi jirani akanieleza kwamba ningefukia ulimi wa shoka, ule upande wa makali, kwenye udongo uliolowa na kuacha tundu peke yake juu, kisha nikoke moto mdogo hapo. Nimeshafanya hivyo mara mbili kwa mashoka ya watu wengine, na inafanya kazi.

Sasa shoka ninalokushauri ni la mhunzi, lile ambalo wengi tumelikuta kwa babu zetu. Halina tundu. Nyuma ya ulimi lina mkia uliochongoka, na mkia huo unapita kwenye mpini wenyewe, mahali ambapo mpini una kichwa kinene kama rungu. Tundu la kwenye rungu hutobolewa kwa chuma cha moto, hivyo mkia unakaa sawasawa na umbo lake. Uzuri wake ni kwamba kila unapopiga, mkia unazidi kuzama na kukaza. Halihitaji kabari wala msumari. Mpini ukivunjika, unagonga mkia kutokea upande wa pili, shoka linatoka, unachonga mpini mwingine wa mti uliokwisha kukauka na jioni hiyo hiyo unaendelea na kazi. Na kama mkia una pande nne sawa, unaweza kuuchomoa, ukaugeuza ulimi ulale, ukapata tezo ya kuchimbia mzinga wa gogo. Hebu fikiria, unabeba chuma kimoja kikafanya kazi mbili, wakati mzigo wako wote unakwenda kwa baiskeli.

Kwa chuma, mwambie mhunzi akufulie springi ya gari, zile bapa za chini ya lori au Land Rover. Springi imetengenezwa ivumilie kupinda na kurudi, na ndiyo tabia unayoitaka kwenye shoka. Wapo wanaofulia nondo. Nondo nyingi ni laini, makali yake hayadumu hata siku moja. Ukikuta shoka limeshafuliwa, chukua tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea, uipitishe taratibu kwenye ukingo wa makali. Tupa ikila kirahisi kama inakula msumari, liache. Ikiteleza kabisa kama iko juu ya kioo, chuma kimekuwa kigumu mno na kitameguka. Unataka ile inayong'ata kidogo kwa kulazimishwa.

Ukipata nafasi, kaa pale kwenye mivukuto umwangalie mhunzi akifanya kazi. Mzuri hazamishi shoka zima. Anazamisha makali tu, anasugua haraka kwa jiwe ili chuma king'ae, halafu anangoja joto la nyuma lirudi mbele. Utaona rangi zikitembea kuelekea kwenye makali: njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Kahawia ikianza kugeuka zambarau pale ukingoni, anazamisha tena na kazi imekwisha. Mara ya kwanza kuona zile rangi zikikimbia kwenye chuma nilisahau hata kilichonipeleka pale.

Uzito usikudanganye. Miti yetu ya miombo ni migumu, na watu hudhani mti mgumu unataka shoka zito na pana. Ni kinyume chake. Ulimi mwembamba wa upana wa vidole vinne unazama, ila ule mpana unagonga na kurudi. Nyuma kidogo ya makali, chuma kiwe na unene wa kutosha. Shoka lililonolewa jembamba kama kisu litakata mti mbichi vizuri sana, lakini siku utakayolipiga kwenye mkola au mpingo mkavu utaona pengo. Langu halifiki kilo moja na robo, na nalitumia kutwa nzima bila bega kuuma.

Mpini wangu ni wa mkole. Mti huo una nyuzi ndefu, unapinda bila kuvunjika, ndiyo maana hata pinde na fimbo hutengenezwa kwake. Tafuta mahali shina limevimba lenyewe, karibu na mzizi au penye tawi, ili kile kichwa kinene kiwe cha asili na nyuzi zimejisokota pale. Ukichonga kutoka kwenye ubao ulionyooka, rungu litapasuka. Ukishakata, usitumie mbichi. Utundike juu ya moshi wa jiko la kambi wiki tatu au nne, ukauke polepole, ndipo utoboe. Urefu napima kutoka kwapani hadi kwenye ngumi niliyofunga.

Kwenye kutumia, la kwanza ni kuangalia juu na nyuma kabla hujainua mkono. Mmea mtambaazi mmoja tu ukinasa shoka hewani, hujui litashukia wapi. Piga kwa mshazari, pigo la kulia kisha la kushoto, mpaka utoe kibanzi, na upana wa pengo ulingane na unene wa gogo. Ukipiga moja kwa moja, shoka linanasa na unachoka bure. Unapopunguza matawi ya gogo lililolala, simama upande mmoja na ukate tawi lililo upande wa pili, ili gogo likae kati ya mguu wako na makali, na uanzie shinani kwenda kileleni. Kwa kuni ndogo piga goti. Shoka likikosea, litaingia ardhini badala ya kukufikia wewe.

Nasisitiza kuhusu miguu kwa sababu niliona kwa macho yangu. Kijana wa kikundi chetu alikuwa amevaa yeboyebo, anakata kisiki cha mpingo uliokufa zamani, na shoka lake lilikuwa butu. Butu haliingii, linateleza. Liliteleza likaingia kwenye mguu wa kushoto, juu ya kidole gumba. Tulikandamiza kwa kitenge kilichokunjwa, bila kuachia, mguu ukiwa umeinuliwa, na kumfikisha zahanati kwa pikipiki kulituchukua saa tano. Alipona, anatembea, ila kile kidole hakikunji tena. Kwa hiyo buti ngumu ni lazima, na kitambaa safi cha kufungia kidonda kikae kwenye mfuko wako mwenyewe. Usikiache kambini.

Kunoa ni kila jioni, kabla ya kula. Mimi natumia kinoo na maji, nikizungusha taratibu pande zote mbili kwa idadi ileile, na tupa ni pale tu penye pengo. Usimpelekee fundi mwenye mashine ya jiwe la umeme. Makali yakigeuka buluu kwa joto, ule ugumu alioutafuta mhunzi umeshaondoka. Usiku shoka lisilale karibu na moto wala lisishinde juani, mpini utasinyaa na mkia utacheza. Na kwa kuwa unakwenda kwenye nyuki, tumia nta. Pasha kidogo, paka mpini mzima na ulimi, futa kwa kitambaa. Masika yakikukuta huko, kutu haitagusa.

Kuhusu kibali, msitu wa hifadhi una taratibu zake TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ndani ya hifadhi ya taifa shoka mkononi ni kesi tayari. Hata penye ruhusa, kuni ziwe za miti iliyokauka. Mizinga ya magome mimi nimeiacha, maana mti wa mtundu ukishavuliwa gome kuzunguka shina unakufa, na ndio huo huo unaowapa nyuki maua. Linaniuma kila ninapopita penye miti iliyosimama mikavu namna hiyo.

Kwa hiyo fika Sikonge siku nne au tano kabla ya kuingia porini, ulizia wahunzi, agiza ulimi mmoja wa springi na mipini miwili mikavu ya akiba. Lipige kwenye gogo kavu pale pale mbele ya mhunzi mara ishirini hivi, kisha kagua makali. Likipinduka au likimeguka, atalirudisha motoni ukiwa bado upo.