Umeondoa Ubuntu na C haijaongezeka? Usikimbilie kununua diski

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka nimshauri diski ya kununua. Alikuwa na Windows na Ubuntu (aina ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) kwenye laptopu moja, Ubuntu ameiondoa, lakini C, sehemu ya diski inayokaa Windows, imebaki na ukubwa uleule. Fundi kamwambia diski imeanza kufa. Ndugu yangu, tulia na hela yako. Mimi pia niliambiwa hivyohivyo, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Laptopu yangu ina diski ya GB 500. Wakati najifunza programu niliipa Ubuntu GB 120, na sijutii, maana pale ndipo nilipojulia kazi. Baadaye wateja wote wakawa wanataka vitu vya Windows, nikafuta patisheni za Linux, yaani vipande vya diski nilivyoipa Ubuntu. C ilikuwa imejaa hadi mstari wake umekuwa mwekundu, kazi za watu hazina pa kuhifadhiwa. Nikaenda kwa fundi Kariakoo. Aliiwasha, akatikisa kichwa, akanipa njia mbili: kupiga Windows upya au kununua diski. Hakufungua hata Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, aone diski ilivyogawanywa. Nikabeba laptopu yangu nikaondoka.

Nyumbani nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, nikachagua Disk Management. GB zangu zote zilikuwa pale, kwenye kipande chenye mstari mweusi kilichoandikwa Unallocated, yaani nafasi isiyo na mwenyewe. Ila nikibonyeza C kwa kitufe cha kulia, Extend Volume, amri ya kuipanua, imefifia, haibonyezeki. Kati ya C na kile kipande kulikuwa na patisheni ndogo ya Recovery, ya MB mia kadhaa, yenye zana za kuitengeneza Windows ikiharibika.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Windows hupanua C kwa nafasi iliyo kuliani kwake, tena iliyogusana nayo. Kitu chochote kikikaa katikati, hata kiwe kidogo namna gani, haivuki. Na ile Recovery mara nyingi huletwa na Windows yenyewe: ikipandishwa toleo na kuona ya zamani haitoshi, humega mwisho wa C na kutengeneza nyingine. Kama kwako hakuna kitu katikati, bonyeza Extend Volume, umemaliza.

Mimi nilinakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje kwanza. Nikafungua Command Prompt kama msimamizi, nikaandika reagentc /disable kuzima zile zana za Recovery kwa muda, kisha powercfg /h off ili Windows izimike kabisa. Nikawasha laptopu kwa flashi yenye GParted, programu ya kupanga patisheni, nikaisukuma Recovery hadi mwisho wa ile nafasi tupu. C sikuigusa. Niliporudi Windows, Extend Volume ilikuwa inabonyezeka, na C ikameza GB zote mbele ya macho yangu. Nikamalizia na reagentc /enable kuziwasha tena zana za Recovery. Furaha ya siku ile siwezi kuieleza.

Chomeka chaja kabla ya kuanza, na betri iwe imejaa, kwa sababu umeme ukikatika patisheni ikiwa katikati ya safari unaweza kupoteza data. Kama unatumia BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, andika pembeni ule ufunguo wake wa tarakimu 48, huenda ukaulizwa. Na wewe ambaye bado hujafuta Linux, ingia kwanza BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uweke Windows Boot Manager juu kwenye orodha ya kuwasha. Usipofanya hivyo unaweza kuwasha ukakutana na neno grub, kile kiwashio cha Linux, na skrini nyeusi.

Vijana wenzangu mnaotaka kuishi kwa kompyuta, fungueni Disk Management kabla ya kumpa mtu hela. Angalieni wenyewe. Fundi mwaminifu atawaonyesha kipande kilipo, na asiyetaka kuonyesha msimwachie mashine.

Ukijumlisha vipande vyote ukapata GB 465 kwenye diski ya 500, hakuna kilichopotea. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824.