Njia ya mama kutoka kitandani hadi chooni

Ukimleta mama mzee kuishi kwako, kabla hujafikiria godoro wala televisheni, angalia usiku anapita wapi kwenda chooni. Mzee akianguka akavunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani, na njia hiyo fupi ndiyo yenye mitego.

Ipite mwenyewe usiku, taa zimezimwa, miguuni umevaa ndala zake. Utakutana na mkeka uliojikunja ukingoni, waya wa feni, ndoo waliyoiacha wajukuu. Mkeka utoe kabisa. Ndala zilizolika soli huteleza kwenye vigae vyenye maji, kwa hiyo mnunulie viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Kanga ya kulalia isiburuze chini. Taa ndogo ya ukutani iwake usiku kucha, na tochi ikae mahali mkono wake unapofika, maana umeme hukatika.

Kitanda kiwe cha kumwezesha kukaa ukingoni nyayo zote zikiwa sakafuni. Kikiwa kirefu, seremala atakata miguu, kazi ya nusu saa tu. Akiamka asisimame mara moja: akae dakika 1 au 2, achezeshe nyayo, ndipo anyanyuke huku ameshika kitu imara. Mtu akisimama, damu hushukia miguuni, na mwili wa mzee huchelewa kuirudisha juu. Dawa za presha nazo huzidisha kizunguzungu hicho. Kama anameza dawa ya kukojosha mara moja kwa siku, muulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Ikimezwa jioni, itamwamsha usiku kucha.

Chooni ndiko penye kazi kubwa. Choo cha kuchuchumaa humtesa mwenye magoti mabovu, hivyo tafuta kiti imara chenye tundu katikati, au fundi akutengenezee, miguu yake ivishwe mpira. Bomba la kushikia lifungwe kwa boliti zinazoingia kwenye tofali. Likiishia kwenye kigae, litang'oka siku anayolihitaji. Sinki na kitundikia taulo si vya kushikia, navyo ndivyo wazee huvikimbilia. Halafu mlango: ufunguke kwa nje. Akiangukia ndani, mwili wake ndio utakaouzuia, nanyi mtabaki mnasukuma huku yeye analia. Komeo nalo liwe la kufunguka kutoka nje.

Fimbo aishike upande wa mguu mzima, si upande wa goti linalouma. Akisimama wima mikono ikining'inia, mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono.

Mama wengi hujinyima maji ili wasiamke usiku, na uzeeni kiu yenyewe hupungua. Mpe asubuhi na mchana: maji, uji, supu, chai. Jioni punguza. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake.

Hili nawaomba sana mlishike. Mama aliyelala na akili zake, kesho akaamka hamtambui mwanawe au anaongea na marehemu, msiseme ni uzee wala msitafute mchawi. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Huenda ni maambukizi ya mkojo, kichomi, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi, na mzee anaweza kuumwa sana bila mwili kuchemka. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na dawa zake zote mfukoni.

Mengine ni ya kawaida, ila kazi msimnyang'anye. Kama amezoea kuchambua mchele, aendelee. Kigoda kimeshakuwa kifupi mno kwake, basi ungo uwe mezani, naye akae kwenye kiti chenye mikono, karibu na dirisha lenye mwanga. Mawe yakimpita, pitia tena mwenyewe jikoni, usimwambie.