Daktari wa Bima Anapokuita: Maswali ya Wasomaji

Nilivunjika paja katika ajali ya matatu na kesi ya fidia iko mahakamani. P3 ilijazwa, daktari wangu akaandika ripoti, na sasa kampuni ya bima inataka nipimwe tena na daktari wake. Je, nikikataa? (Nakuru)

Hakuna atakayekubeba mzobemzobe hadi kliniki, lakini kesi yako inaweza kusimamishwa. Mwaka 1969, katika shauri la Edmeades dhidi ya Thames Board Mills, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisimamisha kesi ya mdai aliyekataa kupimwa na daktari wa wadaiwa, kwa hoja kwamba anayedaiwa fidia ana haki ya kulihakiki jeraha analotakiwa kulilipia. Kuhusu P3, hiyo ni fomu ya polisi, na kazi yake hasa ni ushahidi wa jinai. Usitarajie ieleze gharama ya kuondoa vyuma vilivyomo pajani.

Daktari aliyeteuliwa ni mwanamume, nami jeraha langu liko nyongani. Naweza kuomba daktari wa kike? (Mombasa)

Unaweza, mradi wakili wako aandike mapema na aeleze sababu. Kumkataa daktari fulani bila sababu nzito hakukubaliki, ila kwa maoni yangu stara ya mwanamke ni sababu nzito. Anayetaka upimaji ndiye anayeulipia, kwa hiyo wakili aombe na nauli.

Mle chumbani niseme nini? (Kisumu)

Kumbuka kwamba huyo hakukuita akutibu. Upimaji huanza ukiwa bado mlangoni: atatazama unavyoketi, unavyoinama kufungua kamba za kiatu, kisha atazungushia utepe paja moja na la pili, kwa sababu mguu usiotumika hupungua misuli, na jambo hilo haliigiziki. Usizidishe maumivu, wala usijikaze kiume. Kama mguu huo uliwahi kuumia uwanjani miaka iliyopita, sema, kwani jeraha la zamani lililotajwa waziwazi lina maelezo, ilhali lililofichwa, likija kuibuka kwenye faili la hospitali, huwafanya watu watilie shaka hata kovu linaloonekana kwa macho. Akikuuliza nani aliyekosea barabarani, mjibu kwa adabu kwamba hilo ni la mawakili. Nenda na picha zako za eksirei, na usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Ripoti mbili zikipingana, hakimu hufuata ipi? (Thika)

Hafungwi na yoyote. Huzipima pamoja na ushahidi mwingine. Mara nyingi mawakili hukubaliana ripoti zote mbili zipokelewe bila madaktari kuitwa, jambo linaloharakisha kesi, lakini daktari mmoja akisema ulemavu wa kudumu ni asilimia 20 na mwenzake aseme 4, mimi nisingekubali njia hiyo ya mkato. Mwambie wakili wako unataka yule wa asilimia 4 aje kizimbani aulizwe alipimaje.