Bakuli la pipi limehamia kabatini

Krismasi ya mwaka juzi mama alipanda basi kutoka Urambo kuja kwetu Isevya, mkononi kuku wawili waliofungwa miguu na dumu la asali la lita tano. Mama ana sukari, na huu ni mwaka wa saba anatumia vidonge. Mimi nami nikajipinda kama mwali anayetaka kusifiwa na wakwe. Nilioka keki mbili, nikakaanga visheti, nikachoma kaimati, na katikati ya meza ya sebuleni nikaweka bakuli kubwa la kioo limejaa pipi na biskuti za kufungwa kwenye karatasi za kung'aa. Kwangu bakuli lile ndilo lilikuwa pambo lenyewe, lilipigwa na mwanga wa dirishani ukadhani ni vito.

Mama alikataa sukari kwenye chai. "Nitilie asali, mwanangu. Asali ni dawa." Sote tukaitikia. Tuko Tabora, nani atabishana na asali?

Tarehe 27 asubuhi alikuwa amechoka, kinywa kimemkauka, na usiku kucha alikuwa njiani kwenda chooni. Jirani yetu ana kipimo cha sukari. Kikasoma 17.4, juu mno. Tulipofika kituo cha afya, muuguzi alimuuliza swali moja tu: "Bibi, hizi siku mbili umekula nini?" Mama hakumjibu. Aliniangalia mimi.

Sukari ilishuka, tukarudi nyumbani. Lakini yale macho yalikaa nami mpaka Pasaka.

Nianze na asali, maana hapo ndipo wengi wetu huku tunapotelezea. Asali ya miombo ni nzuri, sitaki mtu aje kuniambia nimeitukana. Ninaipenda hata ile yenye harufu ya moshi wa warinaji. Lakini mwili hauulizi imetoka kwenye mzinga au kwenye gunia. Shirika la Afya Duniani limeiweka asali kwenye kundi moja na sukari ya kwenye chai, na ushauri wake wa mwaka 2015 ni kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana ashuke mpaka nusu yake. Sasa kijiko kimoja cha chakula cha asali kina sukari kama gramu 17. Mama alikuwa akitia vijiko viwili kwenye kila kikombe, na vikombe vilikuwa vitatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, halafu ongeza keki na kaimati. (Na kwa kuwa tumeigusa asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe kabisa, hata kwa kidole. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado halivimudu.)

Januari nikafanya kama tunavyofanya sote. Nilichukua daftari jipya nikaandika: "Mwaka huu nyumba hii hatuli sukari." Lengo hilo liliishi siku tisa. Siku ya kumi alikuja shemeji na mandazi ya moto, na daftari likawa la hesabu za mtoto wa darasa la nne.

Nilichokuja kukiona ni kwamba sikuwa nimeshindwa Januari. Nilishindwa Desemba, nilipokuwa napamba. Lile bakuli la kioo lilikuwa njiani. Kila anayetoka chumbani kwenda uani alipita pale, mkono ukashuka wenyewe. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, bakuli liko hatua moja kutoka magotini mwake, kwa siku mbili. Nani asingekula? Maembe yalikuwepo, tena mengi, lakini yalikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango wa stoo, gizani, na nusu yake yaliozea humo. Pipi nilizipamba, matunda nikayaficha, halafu nikashangaa watu wamekula nini.

Kwa hiyo Krismasi iliyofuata sikuandika lengo lolote. Nilihamisha vitu tu.

Pipi ziliingia kabatini chumbani kwangu, rafu ya juu, zikatoka mara moja tu siku yenyewe, kila mtoto akahesabiwa zake mkononi. Katikati ya meza nikaweka ungo mpana. Desemba huku kwetu maembe ni ya kumwaga, mvua zimeshika, na miembe imeinama. Nikapanga embe dodo kwa rangi: yale mabichi pembeni, yanayoanza kupiga wekundu ndani yake, na ya manjano katikati. Nikachomeka vijitawi vya mwembe vyenye majani machanga, yale mekundu-mekundu laini. Pembeni nikaweka kisu, sahani ndogo na bakuli la maji ya kunawa. Kisu ndicho siri. Embe bila kisu ni pambo tu, watu wanalisifia na kupita. Ukiweka na kisu, mtu anakaa.

Ungo ule niliujaza mara nne kwa siku tatu.

Najua kuna atakayesema embe nalo lina sukari. Ndiyo, linayo, na mama hali embe zima la dodo kwa mkupuo, anakula nusu. Lakini embe likiliwa lenyewe, na nyuzinyuzi zake, haliingii kwenye ile hesabu ya vijiko. Ukilisaga ukalichuja likawa juisi, limeingia. Ndiyo maana siku hizi sitengenezi tena juisi ya sikukuu, na nilivyokuwa nasifika kwa juisi ya embe na pasheni, ukweli huo bado unaniuma kidogo.

Upande wa mapambo mengine nilitumia hela kidogo kuliko mwaka wowote. Maua ya mkrismasi ni mazuri na yanachanua wakati wake, ila ukiyakata yanadondoka siku hiyo hiyo, hivyo niliyakata asubuhi ya tarehe 25 na jioni nikafagia. Maputo nilinunua kumi kwa ajili ya watoto. Mapazia nilifua yale yale.

Sasa keki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliharibu mara tatu kabla sijapata.

Mimi naoka kwa jiko la mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini kina cha vidole viwili, sufuria ya keki inakaa juu ya mchanga, mfuniko wa bati, makaa juu ya mfuniko. Wengi mnaijua njia hii. Mara ya kwanza nilipotaka kuoka kwa asali nilitoa sukari robo kilo, nikatia asali kiasi kile kile, moto ule ule. Juu ikawa nyeusi kama kisigino cha sufuria, katikati uji. Mama mkwe alionja ukingo, akatafuna taratibu, akaniuliza, "Mama Neema, hii keki ilikuwa inarina asali yenyewe?"

Asali inababuka upesi kuliko sukari, na ina maji ndani yake. Kwa hiyo mambo mawili hubadilika. Kwanza, ukibadilisha kikombe cha sukari, tia robo tatu ya kikombe cha asali au pungufu, na upunguze maziwa. Pili, moto wa juu uwe mdogo. Siku hizi napalia makaa machache tu, yale yaliyoanza kufunga majivu, na nguvu kubwa naiacha chini kwenye mchanga. Inachukua muda mrefu zaidi, kama saa nzima, na usifunue kila dakika. Ukinusa harufu ya asali kali, ondoa nusu ya makaa ya juu.

Hii ndiyo inayopikwa kwetu sasa. Kikombe changu ni kile cha kawaida cha kupimia, mililita 240. Unga vikombe viwili, nusu ata na nusu wa kawaida. Beking pauda vijiko viwili vya chai, magadi soda nusu kijiko, chumvi ya kubana vidoleni, iliki iliyotwangwa na mdalasini kidogo. Mayai matatu ya kienyeji, mafuta ya alizeti nusu kikombe, asali nusu kikombe, mtindi robo kikombe. Na kikombe kimoja cha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa mpaka vikalainika. Viazi ndivyo vinavyoniruhusu kupunguza asali, maana vina utamu wao na vinaifanya keki isikauke. Piga mayai na asali kwanza mpaka vitoe povu, tia mafuta, viazi na mtindi, halafu unga kwa mwiko, bila kukoroga sana. Juu nanyunyiza karanga zilizopondwa.

Nakata vipande 16. Asali nusu kikombe ikigawanywa hivyo, kila kipande kinabaki na sukari kama gramu 9, vijiko viwili vya chai na ushei. Keki yangu ya zamani ya robo kilo ya sukari, kwa vipande vile vile, ilikuwa karibu gramu 16. Si keki ya mgonjwa, watoto wanaigombania. Lakini haikuwa tamu kwao siku ya kwanza, nisidanganye. Walilalamika. Nilianza kupunguza sukari kwenye chai na uji tangu Oktoba, kijiko kwa kijiko, na ilipofika Desemba ndimi zao zilikuwa zimeshazoea. Ukianza kupunguza siku ya sikukuu yenyewe utagombana na nyumba nzima.

Jambo jingine: ioke siku moja kabla. Keki ya asali ikilala, ikafunikwa na kitambaa, kesho yake inakuwa laini zaidi na utamu umetulia. Na wewe asubuhi ya sikukuu huna masizi usoni.

Somo la sahani nililipata kwa shangazi yangu wa Ng'ambo. Kwake ni Idd, na Idd haisubiri msimu, kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, kwa hiyo yeye amepamba nyumba yake kwenye vumbi la kiangazi na kwenye tope la masika pia. Shangazi anatengeneza mkate wa kumimina ambao sijaonja mfano wake, tui zito, iliki, unga wa mchele alioroweka na kusaga mwenyewe. Hapunguzi sukari hata chembe. "Mkate wa Idd ni mkate wa Idd," anasema. Lakini anakata vipande vyembamba vya pembe, anapanga viwili viwili kwenye visosa vya kahawa, na anavileta mwenyewe sebuleni. Sinia lote linabaki jikoni limefunikwa kawa. Mgeni anapewa kisosa, kahawa chungu na maneno mengi. Sijawahi kumwona mtu akiinuka kwenda kuongeza. Kumbe tangu utotoni nilikuwa nakula kipande kidogo kwa shangazi na kudhani nimeshiba utamu.

Kiangazi ndicho kigumu kwa mapambo, maana maembe hakuna. Kuanzia Juni ninaweka kibuyu kikubwa mezani na chungu cha karanga za kuchemsha au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo mama huyakausha mwenyewe Urambo. Viazi vile vikavu vina utamu wa kutosha chai isiyo na sukari, lakini navyo nahesabu, vinne au vitano basi, kwa sababu maji yameondoka na utamu umebaki. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua, miombo hutoa majani mapya mekundu kama shaba, na mtu akitoka Sikonge namwomba aniletee vijitawi viwili vitatu. Vinakaa kwenye chupa ya maji karibu wiki. Visizidi hapo, nyuki nao wanaihitaji ile miti.

Watoto bado wanajua pipi ziko wapi. Wa mwisho alipanda stuli mwaka jana, akafika rafu ya pili.

Mama alikuja tena Desemba hii, dumu la asali mkononi kama kawaida. Nililipokea, nikalipeleka jikoni. Alikunywa chai yake na tangawizi tupu, akakunja uso kikombe cha kwanza, cha pili hakusema kitu. Keki alijikatia mwenyewe, upana wa vidole viwili, akaila taratibu akiangalia mvua inavyopiga uani. Kisha akavuta ungo karibu, akabonyeza maembe moja moja kwa kidole gumba, akauliza kisu kiko wapi.